Mawe ya Roboti



Juzi tulipokuwa tunasoma ngeli ya JI-MA, mmoja wenu aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini bibi anasema tochi imekwisha mawe? Tochi ina mawe gani?" Darasa zima likacheka, na kengele ikalia kabla sijajibu vizuri. Basi najibu hapa. Wazee wetu wa Unguja na wa pwani nzima waliita betri ndogo mawe: mawe ya tochi, mawe ya redio. Kwa mama yangu, betri ni ile ya gari tu, yenye maji ndani. Zile ndogo ni mawe, kwa sababu ukizishika ni nzito na baridi, na zikiisha hazifai kitu isipokuwa kuchezea.

Swali lile limenikumbusha jambo lililotokea nyumbani kwetu hapa Sidab mwaka jana mwezi wa Juni. Nimesita kuliandika. Mimi ni nesi, na watu hudhani nyumba ya nesi haina ajali. Mwanangu amenipa ruhusa nisimulie, kwa sharti nisitaje jina lake.

Ana miaka kumi na mbili. Alikuwa ameunda roboti ya magurudumu manne kwa plastiki, mota mbili na kibao kidogo cha umeme, na alihitaji betri za kuchaji. Tukatafuta kwenye intaneti, mimi na yeye, nimekaa kitandani nimetoka zamu ya usiku, macho mazito. Aliniita: "Mama, tazama hizi." Betri nne za lithiamu, kila moja imeandikwa 9900 mAh, pamoja na chaja yake, riyali mbili na baisa mia nne. Pembeni kulikuwa na nyingine, moja tu kwa riyali tatu, nayo imeandikwa 2600. Nikamwambia mwanangu, huyu anayeuza moja kwa riyali tatu anatufanya wajinga. Nikabonyeza mwenyewe. Mkono ulionunua ni wangu, msije mkamlaumu mtoto.

Hebu tufanye hesabu pamoja, kwa Kiswahili. Zile herufi mAh maana yake ni miliampea-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachoweza kuubeba. Roboti ile ilikuwa ikila kama miliampea elfu moja. Kwa hiyo betri ya elfu tisa na mia tisa ingeiendesha karibu saa kumi. Ilikwenda dakika arubaini, ikasimama katikati ya ukumbi. Dakika arubaini ni theluthi mbili za saa, kwa hiyo ndani mlikuwa na kama mia sita na sitini na kitu. Elfu tisa zimekwenda wapi? Hazikuwamo tangu mwanzo.

Betri ya namna ile inaitwa 18650, na jina lake ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho kuonyesha kuwa ni mviringo kama bomba. Chukueni rula mpime. Katika bomba la ukubwa huo, betri bora kabisa zinazotengenezwa na viwanda vikubwa hufika kama 3500, na zaidi ya hapo ni kidogo sana. Anayeandika 9900 ni kama muuza maziwa anayekwambia chupa yake ya lita moja ina lita tatu. Watu waliowahi kuzipasua hizi za uongo (nyinyi msipasue kabisa) wamekuta ndani kijibetri kidogo na pembeni pamejazwa unga. Nyingine ni betri kuukuu zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu zikavalishwa ganda jipya linalong'aa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. La pili lilikuja kwa mapenzi.

Mwanangu alipokaa anasikitika, bibi yake akamuuliza ana nini. "Mawe yamekwisha, bibi." Bibi yake aliondoka Unguja mwaka 1974, na anajua dawa ya mawe yaliyokwisha. Kwao walikuwa wakiyatoa kwenye redio wanayaanika juani asubuhi, na jioni redio inaimba tena, kwa unyonge lakini inaimba. Si uchawi. Mawe ya zamani yakipata joto dawa ya ndani huchangamka kidogo, yakatoa umeme wa mwisho uliobaki. Basi bibi akazipanga zile betri nne kwenye sinia, akapanda nalo juu ya paa, akaliweka karibu na tangi la maji.

Juani, Juni, Sidab. Wazazi mnaoishi Ulaya na mnaosoma jarida hili kwa simu, nikuelezeni kidogo. Kijiji chetu kimebanwa na milima myeusi isiyo na hata kichaka, na bahari mbele. Mawe yale ya mlima hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Qurayyat, mji wa pwani hiihii yetu, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 hata alfajiri, na hiyo iliandikwa kuwa rekodi ya dunia. Sinia la bati juu ya paa, saa saba mchana, unaweza kukaangia yai.

Betri za lithiamu za kuchaji zilianza kuuzwa mwaka 1991, na Sony wa Japani. Bibi yetu alikuwa hapa Oman miaka kumi na saba tayari. Alichojua kilikuwa kweli kwa mawe yake. Haya yalikuwa mawe mengine, na hakuna aliyemwambia.

Ndani ya betri ya lithiamu kuna kanda mbili ndefu zimeviringishwa pamoja kama mkeka, na katikati yake utando mwembamba wa plastiki unaozitenga. Zote zimelowa majimaji yanayoshika moto kama petroli. Utando ukiharibika, kwa joto au kwa uchafu wa kiwandani au kwa kuchajiwa kupita kiasi, kanda mbili zinagusana, joto linazaa joto jingine, na huwezi tena kulizuia kwa kuchomoa waya. Ikijaa, betri ile inakuwa na volti 4.2, na chaja nzuri inasimama hapo. Ile chaja tuliyopewa bure haikujua kusimama.

Mwanangu alizishusha baada ya magharibi, bado za moto, akaziweka kwenye chaja juu ya godoro lake. Mimi nilikuwa jikoni. Aliporudi chumbani alisikia harufu tamu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na betri moja inalia sss. Akaishika kwa mkono wa kulia, akakimbia nayo chooni, akaitupa kwenye ndoo ya maji. Godoro limebaki na doa la kahawia hadi leo, ukubwa wa kisahani.

Hakusema neno.

Tulikaa kula, wali na mchuzi wa papa, wote sinia moja. Nikamwona anakula kwa mkono wa kushoto. Mnajua nilifanya nini? Nilimkemea. "Mkono wa kulia! Nani alikufundisha hivyo?" Akautoa mkono wa kulia kutoka chini ya kanzu, akaupeleka kwenye wali, na ndipo nikaona malengelenge kwenye vidole vitatu, na kiganja chekundu kama kamba aliyechemshwa. Miaka ishirini naangalia mikono ya watu hospitali, na mkono wa mwanangu niliuona kwa sababu ya adabu ya kula.

Ilikuwa imeshapita karibu saa nzima na nusu. Sasa hapa wanangu sikilizeni kama nesi anavyosema, si kama mwalimu. Mahali palipoungua panapoozwa kwa maji ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini, kwa saa. Hata kama umechelewa, hadi saa tatu baada ya kuungua maji bado yanasaidia. Si barafu, maana barafu inaumiza ngozi upya. Si dawa ya meno, si ute wa yai, si samli. Mama yangu alikuwa tayari ameshika bomba la dawa ya meno, nikampokonya, na adabu zangu zote zikapotea.

Lakini nilipofungua mfereji, maji yalitoka ya moto. Walioko Muscat wanajua: majira ya joto maji ya tangi la paani yanatoka yamechemka, huwezi kunawa uso. Dawa yake ni kuzima hita ya chooni tangu mwezi wa Mei, ili maji yaliyokaa ndani ya hita, chini ya kivuli cha nyumba, ndiyo yawe ya baridi. Nyumba nyingi hapa tunafanya hivyo, tunafungua upande wa moto kupata baridi. Sikuwa nimeizima ya kwetu. Tukachukua chupa za maji ya kunywa kwenye friji, tukayachanganya yasiwe barafu, binti yangu anamwagia polepole juu ya beseni, mimi nahesabu dakika. Ilikwenda chupa baada ya chupa. Baadaye nikafunika kwa plastiki safi ya jikoni, bila kukaza, tukaenda hospitali.

Njiani ndani ya gari nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akakaa kimya mpaka taa za Muttrah. Kisha akasema, "Ungemgombeza bibi."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia ameogopa habari ya pesa, au ya godoro. Hilo la bibi sikulitegemea. Na ni kweli, ningemgombeza. Wazazi wenzangu, sina la kuongeza hapo.

Vidole vilipona katika wiki mbili, alhamdulillah, na roboti ikarudi kwenye mezani. Zile betri tatu zilizobaki niliziba ncha zake kwa plasta ya hospitali, nikazifukia kwenye kopo la mchanga mkavu nje ya nyumba, na ile iliyolia nikaitoa kwenye ndoo kwa koleo nikaiweka kopo la peke yake. Fundi mmoja wa Ruwi alikubali kuzichukua. Msizitupe kwenye pipa la taka. Gari la taka linaminya.

Fundi yule ndiye aliyenifundisha kutumia mizani. 18650 ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, inaweza kufika 50. Nilikuwa nayo mizani ya jikoni ninayopimia unga wa visheti, nikapima zile zetu: gramu 29. Ingenichukua sekunde tano siku zilipofika, kabla hatujazitia umeme. Tukanunua mbili kwake, riyali sita, zimeandikwa 2600 tu. Gramu 46 kila moja. Roboti ikaenda saa mbili na nusu. Wale wadogo wa darasa la kwanza walikataa katakata kwamba namba ndogo inaweza kwenda mbali kuliko namba kubwa, mpaka walipoiona.

Siku hizi tunachaji juu ya vigae vya sakafu, chumba chenye mtu, si usiku tumelala, na betri iliyotoka juani inasubiri ipoe kwanza. Ikilia, ikitoa moshi au harufu ile tamu, mtoto haigusi. Anatoka, anafunga mlango, anapiga kelele aite mkubwa, maana moshi wake ni sumu kwa mapafu. Hapa Oman tunapiga 9999. Na mnaokwenda Unguja likizo na roboti zenu, betri za akiba zinakaa kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, ncha zimezibwa, si kwenye sanduku la chini.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa mnapenda kuniuliza Kiswahili kinafika wapi. Ndani ya betri nyingi za lithiamu mna madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, upande wa Katanga, miji kama Kolwezi na Likasi. Huko lugha ya sokoni ni Kiswahili. Na wako watoto wa umri wenu wanaookota mawe yale kwa mikono. Tutalizungumza darasani kwa nafasi.

Bibi sikumgombeza. Nilimwekea betri mbili viganjani, moja ya uongo na moja ya kweli, nikamwambia afumbe macho. Akazipima juu chini kama anayenunua embe. Akanirudishia ile nyepesi. "Hili si jiwe," akasema, "hili ganda." Kisha akaniuliza kwa nini sikumwonyesha yeye kabla ya kununua.

Jumamosi ijayo naja na mizani. Kila mwenye roboti, tochi au gari la rimoti aje na betri zake, ncha zimezibwa kwa plasta, zikiwa kwenye kiboksi cha plastiki, si mfukoni pamoja na funguo. Tutazipima na kuandika uzito kwa maneno, si kwa tarakimu. Wenye bibi nyumbani, waje na bibi.