Udongo wa Ilemba na Vidole vya Watoto

Ukiondoka Sumbawanga kwenda Ilemba, jiandae kushuka. Nchi ya juu ya Ufipa, yenye baridi na upepo, inakoma ghafula penye ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Toka hapo barabara yateremka kwa kona nyingi mpaka bonde la Rukwa, karibu mita 1,000 chini ya mji. Koti ulilovaa asubuhi utalibeba mkononi. Huko bondeni ndiko Ilemba iliko, katika nchi ya joto, ya mpunga na ng'ombe.

Ukifika baada ya mvua, watazame watoto wadogo. Wamechuchumaa penye udongo laini, wanafinyanga ng'ombe wenye pembe ndefu, vyungu vidogo, hata malori. Pengine mama hupita akawakaripia: "Acheni uchafu huo!" Je, ni uchafu kweli?

Kumbuka uko nchi gani. Wafipa wa zamani walikuwa mafundi wa chuma. Walijenga malungu, yaani tanuru za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuru ndogo, ndipo mhunzi akafua majembe. Ujuzi ule haukuandikwa kitabuni. Ulikaa mikononi mwa watu, nao mkono hufundishwa mapema.

Hata Ulaya walitambua hivyo. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, aliweka ufinyanzi katika kazi zao. Na mwaka 1897, mjini Bath, Uingereza, mwalimu wa sanaa William Harbutt alitengeneza udongo usiokauka, akauita Plasticine. Leo udongo wa namna hiyo wauzwa madukani. Lakini ule wa kijijini kwako hauna bei.

Basi, fanya hivi. Chimba udongo wa mfinyanzi mahali safi, mbali na choo na zizi. Usiuchote kwenye kidimbwi, kwa maana maji yaliyotuama yenye konokono yaweza kuleta kichocho. Fukia shimo, lisije likajaa maji likamwangamiza mtoto. Ondoa mawe na mizizi, loweka usiku kucha, kisha ukande mpaka usigande mkononi. Ukiona unapasuka unapokauka, changanya mchanga kidogo.

Mtoto wa miaka 3 mpe donge kama limau, alifinye na kulitoboa apendavyo. Wa miaka 4 au 5 mwonyeshe kuviringisha kamba na mpira. Wa miaka 6 aweza kuunganisha: akwaruze pale miguu ya ng'ombe itakaposhika, apake udongo wa majimaji, ndipo abandike. Asipofanya hivyo, mguu utaanguka ukikauka. Kazi zikauke kivulini siku kadhaa, maana jua kali huzipasua.

Usimfinyangie mtoto. Ng'ombe wake akiwa na miguu mitano, usicheke, muulize, "Huyu anakwenda wapi?" Atakueleza, na ulimi wake utajifunza pamoja na vidole. Ila asile udongo, kwani waweza kuwa na mayai ya minyoo. Na akimaliza, anawe kwa sabuni.

Kwa nini kujisumbua hivi? Kwa sababu kalamu hushikwa na vidole vilevile. Mtoto aingiaye Darasa la Kwanza na vidole visivyo na nguvu huchoka upesi kuandika. Wenzake wamekwisha maliza mstari wa tatu, yeye bado yuko wa kwanza, na pengine huitwa mvivu bila kosa. Kuanza hivyo ni vibaya, maana mtoto huamini analoambiwa. Donge la udongo, nusu saa kwa siku, laweza kumsaidia asifike huko.

Wazee walisema: Udongo uwahi ungali maji. Mwaka huu mvua zikinyesha, ukiwakuta wanao wamepakaa matope mpaka viwikoni, usikimbilie fimbo. Chuchumaa karibu nao, nawe uombe donge lako.