Moka na joto la Kisangani



Wengi wenu mmeniuliza, sokoni na hata mbele ya kanisa, kwa nini nilirudi kutoka Ubelgiji na mbwa wakati hata vyombo vyangu vya jikoni niliviacha kule. Niliahidi kujibu hapa, maana mmoja wetu ana dada anayejitayarisha kurudi na mbwa pia, na ameomba shauri.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa na hakuwa ameiona Kisangani hata siku moja. Tulipomwambia kwamba tunarudi nyumbani, alijibu: "Nyumbani kwenu." Halafu akauliza kama Moka anakuja. Nikasema ndiyo, kabla sijajua ndiyo ile itanigharimu nini.

Moka ni mbwa wa kuchunga kondoo, wa aina inayoitwa Tervuren. Ni jina la mji ulio karibu na Brussels, mji ule wenye jumba kubwa la makumbusho lililojaa vitu vya Kongo. Nilicheka peke yangu: vitu vyetu vilipelekwa Tervuren bila sisi kuulizwa, na sasa Tervuren mmoja anakuja kwetu. Manyoya yake ni marefu na mazito, kama koti la baridi asiloweza kulivua.

Makaratasi si magumu ukianza mapema. Anawekwa chipu ndogo kama punje ya mchele chini ya ngozi ya shingo, yenye namba ya tarakimu 15, kisha anachanjwa kichaa cha mbwa, kisha daktari wa mifugo anaandika cheti cha afya. Lakini sikiliza hili, dada: kama unafikiri siku moja atarudi Ulaya, mpime damu kabla ya kuondoka, ionekane kama chanjo imeshika. Kongo haimo katika orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia Umoja wa Ulaya bila kipimo hicho. Akipimwa huku Kongo atangoja miezi 3. Akipimwa kule, na chanjo zake zisikatike, hangoji.

Katika ndege alisafiri chini, ndani ya kizimba ambamo aliweza kusimama, kugeuka na kulala. Usimpe dawa ya usingizi. Madaktari wanakataza, kwa sababu huko chini hakuna wa kumwangalia akishindwa kupumua.

Tulilala Kinshasa, tukapanda ndege nyingine, na mlango ulipofunguliwa Bangboka joto lilitupiga usoni. Ninyi mliozaliwa hapa hamlisikii tena. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema na ulimi nje. Hapa kwetu, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, hewa imejaa maji, na kule kuhema hakumsaidii sana. Majirani walinishauri nimnyoe. Daktari alikataa: manyoya yale yanamkinga na jua, yachane tu kila siku. Kwa hiyo tulibadilisha saa zetu. Saa kumi na moja alfajiri tunashuka hadi mtoni, wakati wavuvi wa Wagenia wanapanda juu ya miti yao kukagua mitego, na watu wa toleka wanajaza upepo matairi. Saa mbili tumesharudi. Mchana hatoki. Kama huwezi kuweka kiganja chako juu ya sementi na kukiacha hapo, mbwa naye asiikanyage.

Mbwa wa vijijini mwetu hawana shida hizo. Ni wadogo, manyoya mafupi, mkia umejikunja, hawabweki, na wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni. Wazungu waliwachukua, wakawaonyesha Uingereza katika miaka ya 1930, na leo wanawauza kwa bei kali. Wanawaita Basenji. Mwenye kusikia Kiswahili amekwisha sikia tusi lililomo ndani ya jina hilo.

Mwezi wa pili Moka aliacha kula. Fizi zilikuwa nyeupe na mkojo mweusi kama kahawa. Zilikuwa kupe. Daktari alitazama damu yake kwa darubini, akampiga sindano, na siku tatu binti yangu alilala naye sakafuni. Tangu hapo kila jioni tunamkagua masikioni na katikati ya vidole. Hata yule nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa, anayetufanya tupige pasi hadi kwenye chupi, anampata mbwa pia: uvimbe wenye tundu dogo, na funza ndani.

Mama yangu, koko wa watoto, hakupenda kabisa. Mbwa halali nyumbani, alisema. Na mbwa kula wali na ndakala wakati watoto wa jirani wanalala na njaa, hiyo ni nini? Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Tulipunguza ndakala. Alikubali kumpikia makombo, bila kitunguu, kwa sababu kitunguu kinaharibu damu ya mbwa.

Halafu ilikuja ile siku. Mtoto wa jirani, wa miaka sita, aliumwa mguuni nyuma ya soko. Kelele zilifika kwetu kabla ya mtoto: ni yule mbwa wa mzungu! Vijana walikuja na fimbo mpaka mlangoni. Binti yangu alisimama mbele ya Moka, anatetemeka. Mimi nilimbeba mtoto hadi kwenye bomba, nikasema mtapiga kelele baadaye, leteni sabuni. Dakika 15 maji yanatiririka juu ya kidonda, mtoto analia, mimi nahesabu. Koko yake alitaka kuweka jiwe jeusi. Nilimwomba kwa heshima asilifunge, kwa sababu jiwe haliondoi kichaa, na kichaa kikishaanza kumwonyesha mtu dalili, karibu hakuna anayepona. Ni mtoto mwenyewe aliyesema kati ya vilio kwamba mbwa alikuwa wa manjano, bila mkamba shingoni. Vijana wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeniomba msamaha, na siku ile sikuhitaji.

Mbwa wa manjano hakuonekana tena. Angepatikana, angechungwa siku 10. Akibaki mzima, mtoto yuko salama. Kwa kuwa hakupatikana, ilibidi chanjo. Kituo cha kwanza hakikuwa nayo, cha pili hakikuwa nayo. Kesho yake tuliipata, kwa bei ambayo mama yule hakuwa nayo. Juma lile zamu ya likelemba ilikuwa ya mama muuza kwanga, aliyekuwa amengoja miezi mingi kununua mabati. Alizihesabu pesa mbele yetu, akazihesabu tena, akamkabidhi mama wa mtoto. Mabati yake tulimlipa kidogo kidogo, na bado tunalipa.

Mtoto alimaliza sindano zake zote. Sasa yeye ndiye anayegonga mlango wetu saa kumi na moja, kabla jogoo hajaacha kuwika, ili ashike kamba ya Moka hadi mtoni. Na juzi, joto lilipozidi, nilimkuta koko ameloanisha kitenge chake cha zamani, amekitandika kizingitini, Moka amelala juu yake. Aliponiona alisema mbwa hajalala nyumbani, amelala mlangoni.