Gazi, Mji wa Mbaruk na wa Mikoko

Watu wengi wasafirio kutoka Likoni kwenda Msambweni au Lunga Lunga hupita karibu na Gazi wasijue kuwa wamepita penye mji wa historia. Mji wenyewe hauonekani barabarani. Umejificha nyuma ya minazi, kando ya ghuba, kiasi cha kilomita 50 kusini ya Mombasa; na msafiri akishaziona hoteli za Diani hudhani kuwa pwani ya kusini imekwisha. Mimi nami nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipotumwa huko kwa kazi ya ofisi.

Niliondoka Kwale asubuhi kwa matatu, nikateremka mlima hata Kombani, nikapita Ukunda, nikashuka penye njia ya Gazi. Kazi yangu ilikuwa ya siku moja, lakini sitaficha kwamba nilikuwa na haja nyingine pia. Nilikuwa najenga nyumba, nami nilikuwa nimesikia sifa ya boriti za mikoko, ya kwamba ni imara na mchwa hawaziwezi. Nilitumaini kurudi na habari za bei yake.

Kwanza yafaa nieleze asili ya mji huu. Wamazrui walitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, ndipo Sayyid Said alipowaondoa. Wakubwa wao walikamatwa wakahamishwa hata Bandar Abbas, na waliosalia wakagawanyika: wengine wakaenda Takaungu upande wa kaskazini, wengine wakaja Gazi. Hapa ndipo alipotawala Sheikh Mbaruk bin Rashid, mwana wa liwali wa mwisho wa Kimazrui katika Mombasa. Mara nyingi alipigana na masultani wa Unguja. Akizidiwa pwani, hukimbilia ngome yake ya Mwele katika milima ya Shimba, kisha hurudi tena.

Vita vyake vya mwisho vilianza mwaka 1895. Mkuu wa Takaungu alikufa, na Kampuni ya Kiingereza ikamweka mrithi ambaye baadhi ya jamaa hawakumkubali. Aliyekosa urithi alikimbilia kwa Mbaruk, na vita vikamfuata huko. Waingereza waliiteka Mwele mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka, akajitoa kwa Wajerumani, akakaa huko Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1910.

Nyumba yake kubwa ya mawe ilitumika baadaye kuwa shule. Nilipokuwa nikiizungukia, alinijia mzee mmoja wa Kidigo mwenye kofia na bakora.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuitazama nyumba ya Mbaruk?"

Nikamjibu kuwa ndiyo, na kwamba ningependa kuandika habari za shujaa yule. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shujaa alikuwa, hatukatai. Lakini mashamba ya Wamazrui yalilimwa na watumwa, na wajukuu wa watumwa wale tumo humu humu. Ukiandika, andika yote mawili."

Basi nimeyaandika yote mawili, maana neno lake lilikuwa la haki.

Kisha nikamwuliza habari za boriti. Hakunijibu, bali alinichukua mpaka ukingoni mwa ghuba, maji yalipokuwa yametoka. Mbele yetu ulisimama msitu wa kijani, mizizi yake imepindana juu ya matope, na kaa wakikimbia chini yake. Alinionyesha mkoko, mkandaa, muia, mchu na mlilana, akaniambia kazi ya kila mmoja. Tangu kale miti hii ilikatwa na kupangwa kwa unene wake, kutoka fito na pau hata boriti na nguzo, na majahazi yakaipeleka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni haba.

"Katika miaka ya 1970," akasema, "walikuja watu wa viwanda wakaikata kuwa kuni. Pale unapopaona palibaki matope matupu. Samaki wakapungua, na bahari ikaanza kuila pwani."

Nikaja kufahamu sababu yake. Samaki wengi na kamba hukulia utotoni katikati ya mizizi ile. Na mizizi hiyo hiyo huvunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo. Akatae mti, akata na mlo wa mvuvi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa utafiti wa bahari, na Dakta James Kairo miongoni mwao, walianza kupanda mikoko upya pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 Gazi na jirani yake Makongeni walianza mpango uitwao Mikoko Pamoja, wa kulinda hekta 117 za msitu. Miti na matope yake huweka akiba ya kaboni, ambayo ikitoka hewani huongeza joto la dunia. Na watu wa nchi za mbali hulipa fedha ili akiba hiyo isiguswe. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule. Kina mama nao wana njia yao ya mbao ipitayo ndani ya mikoko, na wageni hulipa ili kuitembelea.

Nilisoma shuleni kwamba mji wa Venice, huko Italia, umesimama juu ya magogo yaliyopigwa matopeni. Gazi nao umesimama juu ya miti, ila yake ni hai, na ikikatwa yote mji hauna pa kushika.

Wakati wa kuagana mzee aliniuliza, "Je, bado wataka boriti?" Niliona haya. Akanishauri nitafute mvinje, ambao mkulima aweza kuupanda shambani mwake na kuukata baada ya miaka michache tu. Ndivyo nilivyofanya. Ilinibidi kuzipaka nguzo dawa ya mchwa, na fundi alinung'unika, lakini nyumba imesimama.

Wewe msomaji mwenye shamba pwani, panda mvinje. Na ukipita njia ya Msambweni, shuka Gazi.