Mkimbiaji wa Mwisho

Jumapili, 31 Agosti 2025

Kesho kanuni mpya inaanza kazi. Mwanamke anayetaka kushindana katika Mashindano ya Dunia ya Riadha Tokyo mwezi ujao sharti awe amepimwa jinsia kwa kutafutwa kinasaba cha SRY, mara moja tu maishani, kwa usufi wa shavuni au kwa damu. Shirikisho la Riadha Duniani linasema kipimo ni chepesi. Kwa mpimaji, ndiyo. Nimeshinda na jina la Ewa Kłobukowska, Mpolandi aliyewahi kuwa miongoni mwa wanawake wenye kasi kuliko wote duniani, kisha maabara ikamtoa uwanjani. Nataka niandike ninayoyajua juu yake kabla kelele za mashindano hazijaanza.

Jumanne, 2 Septemba

Alizaliwa Warszawa, 1 Oktoba 1946, mji ukiwa bado umejaa vifusi vya vita. Klabu yake ilikuwa Skra. Alipofika Tokyo kwa Olimpiki ya 1964 ndio kwanza alikuwa ametimiza miaka 18. Alipata shaba ya mita 100 kwa sekunde 11.6, muda uleule aliopewa Edith McGuire aliyechukua fedha. Wyomia Tyus alishinda kwa 11.4. Tyus na McGuire wote Wamarekani.

Kwa hiyo 21 Oktoba, siku ya fainali ya kupokezana vijiti, Marekani ilikuwa na wa kwanza na wa pili wa mita 100 katika timu moja. Poland ilimweka Teresa Ciepły aanze, Irena Kirszenstein ampokee, Halina Górecka akimbie kona, na Kłobukowska amalize. Msichana wa miaka 18 akapewa kijiti cha mwisho dhidi ya McGuire, bingwa wa mita 200. Poland 43.6, rekodi ya dunia. Marekani 43.9, Uingereza 44.0.

Huwa nawaambia wasichana ninaowafundisha: katika vijiti saa haimfuati mtu, inafuata kijiti. Anayepokea lazima awe tayari ameshachanganya mwendo, mkono nyuma, bila kugeuka kutazama. Ukigeuka umepoteza. Ni mbio za kuaminiana, na ndiyo sababu nazipenda kuliko zote.

Ijumaa, 5 Septemba

Irena Kirszenstein alizaliwa mwaka huohuo wa 1946, Leningrad, akakulia Warszawa. Wakawa wapinzani na wenza. Tarehe 9 Julai 1965, mjini Prague, wote wawili walikimbia mita 100 kwa 11.1. Rekodi ya dunia mara mbili kwa siku moja, wasichana wawili wa mji mmoja. Sijui nchi nyingine iliyowahi kubahatika hivyo.

Mwaka uliofuata, mashindano ya Ulaya yalifanyika Budapest. Hapo ndipo wanawake walipoanza kupitishwa uchi mbele ya jopo la madaktari ili ithibitishwe kuwa ni wanawake. Kłobukowska alipita. Akashinda mita 100, Irena wa pili. Irena akashinda mita 200, Kłobukowska wa pili. Wakashinda vijiti pamoja. Mabinti wa watu, mabingwa wa Olimpiki, wamevuliwa nguo wakaguliwe ndipo waruhusiwe kukimbia. Naandika hili kwa hasira na sioni haja ya kuificha.

Jumatatu, 8 Septemba

Kyiv, Septemba 1967, fainali ya Kombe la Ulaya. Safari hii walichunguza chembe za mwili. Wakasema wamemkuta na kromosomu moja zaidi, hastahili kushindana na wanawake. Alikuwa hajatimiza miaka 21. Jambo ambalo daktari angemweleza mtu faraghani, mlango umefungwa na ndugu yuko karibu, kwake lilitangazwa kwa dunia nzima pamoja na jina lake.

Hapakuwa na tuhuma ya udanganyifu. Hakuwa amemeza kitu wala kuficha kitu. Alikimbia na mwili aliozaliwa nao, mwili uleule uliopitishwa Budapest mwaka mmoja kabla. Mwendo wake uwanjani ukakatika hapo. Alisomea uchumi, akafanya kazi ya fani hiyo, akaishi mbali na waandishi wa habari.

Jumatano, 10 Septemba

IAAF, kama Shirikisho lilivyoitwa zamani, ilifuta rekodi zake. Ile 11.1 ya Prague ikabaki na jina la Irena peke yake. Lakini lililonishika zaidi ni la vijiti. Waliifuta na 43.6 ya Tokyo, na kwenye orodha ya rekodi za dunia wakaandika 43.9 ya Wamarekani, timu iliyoshika nafasi ya pili. Dhahabu hawakuigusa. Mpaka leo kitabu cha Olimpiki kinasema Poland ilishinda, na orodha ya rekodi inasema aliyeweka rekodi siku ile ni aliyeshindwa.

Ciepły, Kirszenstein na Górecka walipimwa wakaonekana na dosari gani? Hakuna. Walikimbia robo tatu ya mbio zile.

Mexico 1968, bila Kłobukowska, timu ya Poland iliangusha kijiti na haikufika fainali. Irena, akiitwa sasa Szewińska, aliendelea: medali saba katika Olimpiki zake, ya mwisho dhahabu ya mita 400 Montreal 1976, akiwa na miaka 30. Alifariki 2018 akiwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Yeye na Kłobukowska walikuwa wa rika moja, wa mji mmoja, na walishika kijiti kimoja.

Jumamosi, 13 Septemba

Mashindano yameanza leo Tokyo. Kwetu habari hizi si ngeni. Rio 2016, mita 800: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi, Margaret Wambui wa Kenya, medali zote tatu. Wa tano alikuwa Mpolandi, Joanna Jóźwik, na alilalamika hadharani kuhusu hao watatu. Baadaye kanuni za kiwango cha testosteroni ziliwafungia njia. Niyonsaba alihamia mbio ndefu. Maximila Imali wa Kenya alitoka mita 400 akaja 100 na 200, na mwaka 2023 kanuni ikamfuata hukohuko.

Nakubali kwamba wanawake wanahitaji mbio zao, na swali la nani aingie ni gumu. Sitajifanya nina jibu lake. Lakini vipimo vya aina hii viliwahi kuachwa: Atlanta 1996 wanawake wanane hawakupita na wote wakaruhusiwa kushindana, na mwaka 1999 Kamati ya Olimpiki ikavisimamisha. Waliovisimamisha walikuwa na sababu. Wanaovirudisha wanapaswa kutuambia watamtunzaje binti wa kijijini atakayeletewa majibu kama yale ya Kyiv, nani atakaa naye, na nani atahakikisha jina lake halitoki nje ya chumba.

Jumapili, 21 Septemba

Alasiri ya leo Wamarekani wameshinda vijiti vya wanawake kwa 41.75. Uwanja umejengwa upya, lakini ni pale palipokuwa ule wa 1964. Muda ule wa Poland ungeachwa mbali sana na hawa, kwa hiyo kuurudisha kwenye orodha hakumpunguzii chochote mkimbiaji wa leo. Shirikisho lina uwezo wa kulifanya hilo kwa kikao kimoja. Liandike: Tokyo, 21 Oktoba 1964, Poland, 43.6, Ciepły, Kirszenstein, Górecka, Kłobukowska.