Karani Aliyekataa kwa Upole

Kukataa kuko kwa namna nyingi. Yuko akataaye kwa ngumi, yuko akataaye kwa matusi, na yuko akataaye kwa kukimbia. Lakini katika hadithi fupi zote nilizopata kuzisoma, sijakutana na mkataaji wa ajabu kama Bartleby, karani aliyebuniwa na Mmarekani Herman Melville katika mwaka wa 1853. Mtu huyu hakuinua mkono wala sauti. Hata hivyo alimshinda tajiri wake.

Kisa chasimuliwa na wakili mmoja mzee, mwenye afisi katika mtaa wa Wall Street, mjini New York. Siku zile hati za sheria zilinakiliwa kwa kalamu na wino, kwa ujira wa senti 4 kwa kila maneno 100. Nakala ilipokwisha, ilipasa kulinganishwa na asili yake neno kwa neno. Bartleby alikalishwa nyuma ya kiambaza, karibu na dirisha lililotazamana na ukuta. Mwanzoni alinakili mchana na usiku. Siku ya tatu aliitwa kulinganisha nakala. Akajibu kwa utulivu kwamba aonelea heri asifanye.

Litazame vyema jibu hilo. Angalitukana, angalifukuzwa papo hapo; angalitoa hoja, angalijibiwa kwa hoja. Upole wake ulimnyang'anya wakili silaha zote mbili. Wazee walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakili alivumilia, akasihi, kisha akampa dola 20 zaidi ya haki yake ili aende zake. Bartleby hakwenda. Mwishowe tajiri ndiye aliyehama, akamwacha mtumishi katika vyumba vitupu!

Ukataaji usio wa mabavu si jambo geni. Henry David Thoreau, Mmarekani wa zama zile zile, alikataa kulipa kodi ya kichwa, akalala gerezani usiku mmoja katika mwaka wa 1846, kwa kuwa alichukia utumwa na vita vya nchi yake juu ya Meksiko. Katika Afrika Kusini, mwaka wa 1906, Gandhi na Wahindi wenzake waliapa kutoitii sheria ya kuwaandikisha. Hao walitaja dhuluma waliyoipinga, nasi tuna mizani ya kuwapimia. Bartleby hakutaja lolote. Hatuambiwi alikozaliwa wala jamaa zake. Uvumi mmoja tu wasema kwamba zamani alikuwa karani mjini Washington, katika afisi ya barua zilizokosa wenyewe.

Mimi naona Melville alifanya vyema kutuficha sababu. Angalituambia kwamba karani ni mgonjwa, tungalimhurumia tukasahau. Angalituambia kwamba ni mvivu, tungalimlaumu tukasahau. Kwa kuwa hatujui, twabaki tumesimama mahali pa wakili, na swali lake limekuwa letu: twapaswa kumtendea nini mtu tusiyemfahamu, asiyetudhuru, wala asiyekubali msaada?

Wakili alijaribu. Alitaka hata kumchukua Bartleby nyumbani kwake, akakataliwa. Karani alipotiwa gerezani, alimlipia chakula kizuri. Bartleby hakula, akafa uani chini ya ukuta. Hapo nauona mpaka wa ukataaji: akataaye kila kitu, mwisho hukataa na uhai. Lakini lawama haiishi kwake. Wakili mwenyewe akiri kwamba kumvumilia karani kulimgharimu kidogo na kuliipendeza nafsi yake. Je, fedha zile zilimnunulia Bartleby faraja, au zilimnunulia mtoaji usingizi?

Pengine darasani mwako yumo mwenzako mnyamavu, ambaye hakuna ajuaye alilo nalo moyoni. Kumfahamu si sharti la kumtendea wema. Wakili alikitafuta kisa cha Bartleby kwa bidii, asikipate. Na alipokuwa akikitafuta, mtu alikuwa hai karibu naye.