Pasta, Ninunue Redio Gani ya Kusikiliza Polisi Usiku?



Wiki hii mwalimu mmoja aliyeko Diff ameniuliza swali, na amenipa ruhusa nilijibu hapa bila kumtaja. Ana binamu Marekani. Binamu amemwambia kwamba huko kuna watu huketi jikoni jioni wakisikiliza polisi wakiongea kwenye redio zao. Chombo hicho wanakiita skana. Binamu yuko tayari kununua na kutuma. Sasa mwalimu anauliza: "Pasta, nimwambie anunue ya aina gani? Milio ikisikika usiku, angalau nijue ni nini."

Kwa ninyi mlio mbali, Diff iko Wajir Kusini, pale pale mpakani na Somalia. Walimu wengi, wauguzi na askari walioko kule wametoka bara, na baadhi yao ni wa ushirika wetu. Katika kaunti hizi za kwetu minara ya simu imelipuliwa mara nyingi. Mnara ukianguka, simu inabaki tochi tu. Unasikia mlio, mbwa wanabweka, halafu kimya. Huna wa kumpigia. Unabaki kuhesabu saa mpaka alfajiri.

Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumcheka huyu mwalimu, na asiwepo wa kumwambia hana imani. Hofu yake ina tarehe. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 walishushwa kwenye basi kule Mandera wakauawa, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wachimba mawe 36 waliuawa Koromey. Tarehe 2 Aprili 2015 tukawapoteza watu 148 pale Chuo Kikuu cha Garissa. Walimu wakauawa tena Qarsa, Wajir, Februari 2018, na Kamuthe, Garissa, Januari 2020. Mtu anayeishi katika nyumba ya mwalimu, mlango wa mabati, akitaka kujua kinachoendelea nje, hajatenda dhambi. Miji ya Biblia ilikuwa na walinzi juu ya ukuta kwa sababu hiyo hiyo.

Basi nijibu swali lenyewe.

Skana ni redio ya kupokea tu. Haitumi sauti. Inaruka haraka kutoka masafa moja hadi mengine, na ikikuta mtu anaongea inasimama. Zamani ilikuwa rahisi, kwa sababu polisi waliongea wazi hewani na yeyote mwenye chombo angesikia. Siku hizi idara nyingi zimehamia mitambo ya kidijitali. Sauti inageuzwa kuwa namba na kufungwa kwa ufunguo wa siri, na asiye na ufunguo anasikia mngurumo tu, hata kama skana yake ni ya bei ya ng'ombe wawili. Hata huko Marekani polisi wanafunga. New York walianza mwaka 2023, na Chicago nao wamehamia huko huko. Hapa kwetu, mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom mkataba wa karibu shilingi bilioni 15 wa mfumo mpya wa mawasiliano ya polisi, ukianzia Nairobi na Mombasa. Polisi wa huku mpakani wanatumia nini, hilo siliandiki hapa, na wewe usiliulize kwenye maoni.

Halafu kuna sheria. Marekani kwa kawaida wanaruhusu kusikiliza nyumbani, ingawa baadhi ya majimbo yanakataza skana ndani ya gari. Uingereza ni kosa kusikiliza mawasiliano yasiyokusudiwa kwako. Kenya tuna Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998. Mitambo ya redio inataka leseni, na Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayogawa masafa. Fikiria, mwalimu wangu: askari anaingia kwako usiku wa msako, anakuta chombo cha kusikiliza polisi, tena hatua chache kutoka mpakani. Yeye atajuaje kama wewe ni mwalimu mwenye hofu au ni mpelelezi? Utamweleza nini kabla hajakufunga pingu?

Lakini tuseme sheria ingeruhusu. Tuseme ufunguo ungepatikana. Bado kuna jambo la moyo.

Katika ushirika wetu kuna dada ambaye mume wake ni askari. Anapotoka doria usiku, uhai wake unategemea mtu asijue yuko njia ipi na atarudi saa ngapi. Mabomu ya barabarani hutegwa na watu wanaojua gari litapita wapi. Kama skana yako inaweza kumsikia, basi na ile iliyo kwenye kichaka inaweza. Mimi siwezi kuomba Mungu amlinde mume wa dada huyu, kisha nitamani hewa yake iwe wazi ili mimi nilale vizuri. Hilo ombi linajipinga lenyewe.

Someni 2 Wafalme sura ya 6. Mfalme wa Shamu alikuwa akipanga mitego dhidi ya Israeli, na kila mtego unagunduliwa. Akadhani kuna msaliti ndani ya nyumba yake. Watumishi wake wakamwambia ni nabii Elisha, anayajua hata yanayosemwa chumbani mwa mfalme. Elisha ndiye aliyekuwa na skana kuliko wote! Lakini angalieni alifanya nini na alichosikia. Hakukaa nacho kama hadithi ya jioni. Hakukitangaza sokoni. Alikipeleka kwa mtu mmoja aliyeweza kuokoa watu, tena mapema. Na adui walipotiwa mikononi mwake, aliagiza wapewe chakula na maji, wakarudi kwao, na uvamizi ule ukakoma. Mungu alimpa sikio kwa sababu alikuwa na mkono wa kusaidia.

Sasa linganisheni na 2 Samweli 18. Daudi ameketi kati ya malango mawili akingoja habari za vita na za mwanawe Absalomu. Ahimaasi anakuja mbio, amempita mjumbe mwenzake. Mfalme anapomuuliza juu ya kijana, jibu lake ni kwamba aliona msukosuko mkubwa lakini hakujua ni nini. Mbio zote zile, na habari ni nusu! Wapendwa, hizo ndizo sauti za WhatsApp saa sita usiku. Na hata skana ingekupa hizo hizo: mtu anasema kwa haraka kuna milio upande fulani, kisha kimya. Wewe uko peke yako gizani na nusu ya habari. Unaituma kwa kikundi. Kikundi kinaongeza chumvi. Kufika asubuhi wazazi kule Kitui na Kakamega wanalia watoto wao wamekufa, na watoto wako darasani wanafundisha. Kusikia bila mkono wa kusaidia huzaa hofu, na hofu haikai kwa mtu mmoja.

Wajir yenyewe imetufundisha njia bora. Miaka ya 1992 na 1993 koo zilipigana vibaya hapa, damu nyingi ikamwagika. Wanawake wachache walianza pale sokoni, wakahakikisha mama wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua kwa mama wa ukoo mwingine. Kati yao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mwanamke Mwislamu, ambaye mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo ya amani. Walikuwa na kikosi cha kwenda haraka: wazee, viongozi wa dini, wanawake. Wakisikia kuna kisa mahali, wanaondoka kwenda kuongea na watu kabla ya kisasi. Sikio lilikuwa na miguu.

Na kumbukeni basi lile la Mandera tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak. Wenye bunduki walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, na Januari 2016 akafa kwa majeraha hayo. Hakuna chombo cha dukani kingewaokoa abiria wale. Waliokolewa na watu waliokuwa wameketi kando yao.

Kwa hiyo, mwalimu, mwambie binamu hivi: asante, lakini skana hapana. Kama ana pesa, atume redio ya kawaida nzuri. Iwe na FM, masafa ya kati na masafa mafupi. FM haiendi mbali kutoka kwa mnara wake, lakini masafa ya kati na mafupi huvuka nchi, na usiku masafa ya kati husikika mbali zaidi kuliko mchana. Itumie betri zile zinazouzwa dukani kwenu, au iwe na sola na mkono wa kuzungusha. Iwe na tundu la kipaza sauti cha sikioni, ili nyumba ibaki kimya. Utapata KBC. Nyumbani kwangu tuna ndogo ya namna hiyo. Mimi na mama watoto tunasikiliza taarifa ya habari moja jioni, tunazima, tunawaombea kwa majina walioko kazini usiku huo. Hatuifungui tena mpaka asubuhi.

Jambo la pili, ambalo halina bei: jifunze Kisomali. Mwaka wa tatu uko Diff na bado unaagiza maziwa kwa vidole? Kina mama wa kisimani wanajua kuna mgeni kabla ya chifu kujua. Mwenye duka anajua barabara ipi leo haipitiki. Mchunga ngamia ameona nyayo. Habari hizo ziko hewani kila siku, wazi, bila ufunguo, na zinapita kando yako kwa sababu hujui lugha. Salimia. Kaa na wazee kwenye kivuli. Nenda msibani kwao, na wakati wa Idi peleka mkono wako. Usifanye hivyo kama mpelelezi. Fanya kama jirani. Mtu anayekupenda atakugongea mlango kabla mlio haujasikika.

La tatu: kabla ya usiku wa shida, kaeni na mwalimu mkuu, chifu na mkuu wa kituo. Mkubaliane mnara ukizimika nani anaenda kwa nani, na nani haondoki ndani. Nambari ya kituo iandikwe kwenye karatasi, pamoja na 999 na 112. Ukiona jambo, lipeleke hapo. Usilipeleke Facebook.

Tuombe. Baba, walinde wafanyakazi wako walioko mpakani usiku huu, walimu, wauguzi na askari. Wabariki majirani wetu Waislamu waliotusitiri. Utupe masikio yanayosikia mapema na mikono inayosaidia, na utuondolee hamu ya kujua mambo ambayo hatuna la kuyafanyia. Katika jina la Yesu.

Andika Amina hapo chini. Usiandike uko wapi wala mnakutana wapi. Na wiki hii, niandikie salamu moja ya Kisomali uliyojifunza kwa jirani yako.