Sumu ya Muhogo Katikati ya Galaksi

Kila anayepika muhogo mchungu hapa Bokoli anajua una sumu. Ndiyo maana kukhu huumenya, akauvundika siku kadhaa, akaukwaruza ukungu na kuuanika juani kabla haujaenda kwa mashine ya kusaga pamoja na wimbi. Kwenye vitabu vya kemia sumu hiyo inaitwa sianidi ya hidrojeni: atomu moja ya hidrojeni, moja ya kaboni, moja ya nitrojeni. Huchemka kwa nyuzi 26 tu za Selsiasi, kwa hiyo jua la mchana linasaidia sana kuifukuza. Kukhu hajawahi kusikia jina hilo, na hajawahi kumlisha mtu sumu.

Molekuli hiyo hiyo ndiyo wanaastronomia hutumia kutafuta mahali nyota zinapozaliwa.

Nyota huundwa kwa gesi, hasa hidrojeni. Shida ni kwamba hidrojeni ikiwa baridi karibu haionekani, kwa hiyo inabidi utafute kitu kilichochanganyika nayo. Kaboni monoksidi, ile ya jiko la makaa, hung'aa hata pale gesi ni nyepesi. Sianidi ni mvivu. Lazima igongwegongwe na molekuli nyingine ndipo itoe wimbi lake la redio, lenye urefu wa milimita tatu na kitu. Ukiiona inang'aa, jua hapo gesi imebanana: molekuli elfu kumi na zaidi katika kila sentimita ya ujazo. (Hewa unayopumua sasa ina kama bilioni bilioni 20 katika nafasi hiyo hiyo. Kubanana kwa angani ni utupu wetu.)

Nilipomweleza kukhu, aliuliza swali moja tu: sasa huko juu nani anaivundika? Nikamwambia nyota changa zenyewe huivunja, kwa mwanga wao wa urujuanimno. Akasema, "Basi ni jua," akaendelea kumenya.

Mwaka 2004, Yu Gao na Philip Solomon walichapisha vipimo vya galaksi 65. Walikuta mwanga wa sianidi unakwenda sambamba na kasi ya kuzaliwa kwa nyota, kuanzia galaksi tulivu hadi zile zinazofumka nyota kama bisi kwenye sufuria. Jumla ya gesi haikutabiri vizuri hivyo. Kilichohesabika ni ile iliyobanana.

Hilo ndilo jibu ambalo mjomba wangu hunipa bila darubini. Tangu niache chuo kwa sababu ya karo na kurudi nyumbani kuandika makala za kulipwa moja moja, ananiuliza nitarudi lini. "Wewe, mambo iko Nairobi. Hapa utaandikia nani, ng'ombe?"

Nairobi ya mjomba ipo angani, inaitwa NGC 253. Caroline Herschel aliigundua mwaka 1783. Kitovu chake, eneo la miaka-nuru kama 1,000 tu, huunda kila mwaka nyota zenye uzito wa majua kama mawili, karibu sawa na Njia ya Maziwa yetu nzima. Lakini mwaka 2013 kikundi cha Alberto Bolatto kiliitazama kwa ALMA, antena za Chile zilizo mita 5,000 juu ya bahari, juu kuliko kilele cha Mlima Elgon ninaouona nikitoka nje. Waliona gesi ikitoroka. Upepo na milipuko ya nyota zilizozaliwa hapo vinaisukuma nje, kwa kasi isiyopungua ile inayotumika kuunda nyota. Kitovu kinakula akiba yake chenyewe.

Halafu kuna kitovu chetu. Katikati ya Njia ya Maziwa kuna gesi iliyobanana, uzito wa majua milioni kadhaa mara kumi, na bado nyota zinazozaliwa ni kama sehemu moja ya kumi ya zile ambazo kanuni ya 2004 ingetarajia. Wengine wanasema gesi hiyo ina vurugu nyingi mno, haitulii ikajikunja. Wengine wanasema ni msimu tu, itafumka baadaye.

Nairobi niliishi chumba kimoja na wenzangu wanne, wote wana vipaji. Mwaka mzima tulisukumana tu: nani alipe stima, nani alale karibu na mlango. Hakuna aliyemaliza kitu. Lakini sitaki kumshinda mjomba kwa mfano. Gesi hailipi kodi ya nyumba, na wapo waliobanana Nairobi wakang'aa kweli. Ninachojua ni kwamba Jua letu, ambalo limekaa likiwaka kwa miaka bilioni 4.6, liko miaka-nuru kama 26,000 kutoka katikati.

Novemba, saa nne usiku, toka nje mahali pasipo na taa. Tazama kusini, juu sana. Kwa darubini ya macho mawili NGC 253 ni doa refu, jembamba, hafifu. Mwanga huo uliondoka huko zaidi ya miaka milioni 11 iliyopita. Hapa Bokoli taa ni chache, unaonekana vizuri.